Kamera Mbili, Kichwa Kimoja

Mshauri mpendwa,

Pokea salamu zangu na unisamehe kwa mwandiko, nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha wateja kwa sababu kiti changu kimekaliwa na kamera mbili ndogo, moja nyeusi na moja ya kijivu, na nakuomba unisaidie kuchagua moja kabla sijachanganyikiwa, maana huu ni mwezi wa tano tangu nianze kuchagua, nyumbani hakukaliki, saluni hakukaliki, na mwenye duka la kamera ng'ambo ya barabara siku hizi akiniona navuka anainama nyuma ya kaunta kujifanya ameangusha kitu.

Mimi ni msusi, nina miaka hamsini na mbili, nimeshika kitana tangu nikiwa na miaka tisa, na bila kujisifu wapo wateja wanaopita saluni nne nzuri kuliko yangu ili waje kukaa kwenye kigoda changu chenye mguu mmoja mfupi. Usiniulize kwa nini nisitumie simu, kila mtu ameshaniuliza na nimechoka kujibu, wateja wangu hawataki simu na wana haki yao, mwaka juzi bibi harusi mmoja alipigwa picha humu ndani nusu ya kichwa ikiwa imesukwa na nusu imetimka, na kabla sijafika sikio la pili mama mkwe wake mtarajiwa alikuwa ameshaiona, mpaka leo sijui nani aliituma, nikabandika karatasi mlangoni kwamba simu zote zikae mikobani, sasa mimi mwenye karatasi nikichomoa simu nitaonekana mtu wa namna gani. Lakini kamera ndogo hawaiogopi, wanasema picha ya kamera haina miguu.

Naitaka kwa ajili ya albamu ya misuko yangu, na hasa msuko mmoja tunaouita mapito ya siafu, ambao marehemu mama aliubuni mwenyewe akanifundisha kwa kunigonga vidole na kitana kila nilipokosea, ni mistari myembamba inayoanzia kwenye paji la uso, inapishana utosini mmoja juu mmoja chini, halafu inafungwa kisogoni bila uzi na bila fundo, kidole kidogo cha mkono wa kulia ndicho kinachoingiza ncha ya mwisho chini ya nyingine, unachukua saa saba, na sijaona mtu mwingine anayeuweza. Naona ni vizuri ubaki kwenye picha kwa sababu siku hizi vidole viwili vya mkono huo asubuhi vinagoma kukunjika, si jambo kubwa, daktari wa mifupa amesema niache kusuka kabla ya mwaka kuisha, sijamwambia mtu, lakini hayo siyo yaliyonileta, kilichonileta ni kamera.

Basi sikiliza, bei zake ni sawasawa kwa hiyo usiniambie nichukue iliyo nafuu. Nyeusi inavuta mbali sana, na kioo chake kinageuka ukitaka kujiona mwenyewe, lakini humu ndani nina dirisha moja tu na taa moja ya mrija, na kukiwa na mawingu picha zake zinatoka na chengachenga kama mtu amenyunyiza unga. Ya kijivu haivuti chochote, ukitaka kitu kikubwa usogee kwa miguu yako, lakini inaona vizuri kwenye giza na ukiisogeza karibu unahesabu nywele moja moja, ila betri yake inaisha upesi. Mume wangu ni fundi umeme na mapenzi yake yote yako kwenye ile nyeusi, siku ya kwanza alisimama mlangoni pa saluni akaivuta mpaka mwisho akapiga kelele, "Njoo uone! Nasoma mpaka bei ya sabuni kule dukani!" nikamwambia baba, mimi nasuka vichwa, sisomi bei za sabuni, akanijibu, "Huwezi kujua." Dada yake, yaani wifi yangu, ambaye ndiye anayeosha nywele hapa kwangu na hana mdomo wa kukopa, akasema, "Kaka anataka darubini, siyo kamera, chukua ya kijivu tukafanye kazi," na tangu siku hiyo ndugu hao wawili wamegawanyika, na mimi niko katikati, na ukweli ni kwamba kila mmoja akizungumza namwona ana maana.

Nikafikiri wateja ndio waamue, maana vichwa ni vyao, nikaweka makopo mawili matupu ya mafuta juu ya rafu, moja nikaandika nyeusi jingine kijivu, nikamwambia kila mteja akimaliza achukue ushanga mmoja kwenye sahani atumbukize kwenye kopo analotaka, na baada ya wiki mbili nikahesabu mbele ya mashahidi, arobaini na moja kwa arobaini na moja. Nilipochungulia vizuri nikakuta kopo la nyeusi lina shanga za kijani, na mimi shanga za kijani sijaziweka saluni tangu mwaka jana, ziko nyumbani kwenye boksi chini ya kitanda, na kopo la kijivu lina shanga ambazo bado zimenasa nywele, yaani wifi alikuwa akizikusanya kwenye vichwa anavyofumua. Nilipowauliza, kila mmoja akasema mwenzake ndiye aliyeanza.

Kwa hiyo nikaamua kulinganisha mwenyewe kwa haki, mwenye duka ni mtu mwema, ananiachia zote mbili asubuhi nazirudisha jioni, na kila kichwa kinachotoka mikononi mwangu nakipiga mara mbili, kigoda kilekile, dirisha lilelile, kwanza nyeusi halafu kijivu, kesho yake kwanza kijivu halafu nyeusi ili pasiwe na upendeleo, wateja wengine wanalalamika, mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliniuliza, "Dada, nimekuja kusukwa au kutengenezewa kitambulisho?" Jioni namwonyesha mume wangu, tunalinganisha, tunagombana, kisha nafuta zote ili kadi zibaki tupu na kesho nianze na moyo mweupe. Nimefuta nyingi sana, hata ile ya mapito ya siafu niliyomsuka huyo mwalimu mkuu miezi mitatu iliyopita niliifuta, kwa sababu nyeusi ilikuwa imetoa weupe kidogo utosini na ya kijivu ilikata sikio, nikaona si haki kubaki na moja.

Na kila ninapokaribia kuamua kunatokea jambo, nilishaichagua ya kijivu nikakumbuka betri, mwenye duka akasema ataniongezea betri ya pili bure, nikaona inateleza mkononi, wifi akaifunga ugwe mzuri wa uzi wa kusukia, nikaona inazifanya nywele nyeusi kama zina wekundu kwa mbali, basi nikarudi kwenye nyeusi, nayo nikaiona nzito. Wifi naye siku hizi amezidi kiherehere, anafungua makopo ya mafuta kabla sijaomba, mteja mwenye nywele nyingi anamdaka mlangoni anamgawa nywele zote kabla hajafika kwangu, nikimwuliza nani amekutuma anasema alikuwa hana kazi, na mwezi uliopita nilimkuta ameanza mistari mitatu ya utosini kwenye kichwa cha mteja wangu nikamnyang'anya kitana mbele za watu. Jumatatu iliyopita mume wangu alikuja na karatasi aliyoipiga mistari, sifa za nyeusi upande huu na za kijivu upande ule, akaanza kubishana na wifi juu ya kichwa cha mteja aliyekuwa na povu masikioni, mimi nikasema basi tuahirishe mpaka mwezi ujao, wifi akatupa taulo akaniambia, "Wifi, wewe hutaki kamera," akaondoka, na hii siku ya tatu hajarudi, na mume wangu anasema mimi ndiye niliyemfukuza dada yake.

Sasa mwalimu mkuu anastaafu, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu anakuja kusukwa mapito ya siafu kwa ajili ya kuagwa, ameniambia hataki msuko mwingine, na ile mara ya mwisho ilinichukua saa tisa badala ya saba, nikamwambia nywele zake zimekuwa ngumu. Nataka siku hiyo niwe na kamera moja, mkononi, yangu. Naomba usinizungushe kama hawa wa nyumbani, nijibu kwa neno moja tu, nyeusi au kijivu?

Wako,
Msusi wa Dirisha Moja


Msusi wa Dirisha Moja,

Kijivu.

Umeomba neno moja, umelipata, na kama ungekuwa mtu wa kutosheka na neno moja ningefunga kalamu hapa nikaenda kunywa chai. Lakini umekaa miezi mitano na jibu hili mkononi. Barua yako nilimsomea mpiga picha wa gazeti letu, na sikumsomea yote. Nilipofika kwenye "dirisha moja tu" akasema "kijivu" na kuendelea kumenya chungwa lake. Wifi yako alisema kijivu siku ya kwanza. Macho yako mwenyewe yalisema kijivu ulipohesabu nywele moja moja. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, nami sikuwahi kuona jembe lililochaguliwa kwa kura za shanga, tena kura zenyewe zimeibwa na pande zote mbili!

Mdogo wangu, nilikuwa nacheka mpaka nikafika mahali ulipoandika kwamba unafuta. Hapo niliiweka barua mezani, nikainuka, nikazunguka ofisi mara mbili, mwenzangu wa ukurasa wa michezo akaniuliza kama nimefiwa. Miezi mitano! Vichwa vya miezi mitano, kazi ya mikono yako, ulikuwa navyo kwenye kadi mbili, ukavifuta kila jioni kwa sababu ya haki. Haki ya nani? Kamera zilikushtaki? Mapito ya siafu ya mama yako ulikuwa nayo mara mbili, moja ina weupe kidogo na nyingine imekata sikio, na nani angekuja kulidai hilo sikio? Nimekasirika, sifichi.

Sasa hasira zimepungua kidogo, tuzungumze kama watu wazima. Umeniandikia kurasa sita. Betri umeipa nafasi, ugwe umeupa nafasi, hata povu la mteja limepata nafasi yake. Vidole vyako umevipa sentensi moja, ukaharakisha kuniambia si jambo kubwa. Daktari anamwambia msusi wa miaka arobaini na tatu kazini aache kusuka kabla ya mwaka kuisha, halafu si jambo kubwa? Basi niambie kubwa ni lipi kwenu huko.

Nitakuambia ninavyoona, na kama nimekosea utanisamehe. Kamera hizi hazijawahi kukushinda. Siku utakayochagua moja, hutakuwa tena na sababu ya kungoja. Itabidi ukae na kuupiga picha ule msuko kwa ajili ya mtu atakayeusuka baada yako, na hapo utakuwa umesema kwa kinywa chako kwamba unamaliza. Ndiyo maana ya kijivu ikishinda unakumbuka betri, betri ikipatikana inateleza, ikifungwa ugwe nywele zina wekundu. Ungepewa ya dhahabu ungesema inang'aa sana. Wifi yako alikuambia yote hayo kwa maneno manne kisha akatupa taulo, na mimi nalipwa kuyarefusha.

Siandiki haya kukucheka. Nimeumia, tena sana. Kuambiwa uweke chini kitu ulichokishika tangu una miaka tisa si sawa na kuambiwa upunguze sukari. Mimi mwenyewe nilikataa miwani kwa miaka mitatu, nikawa nazijibu barua za watu kwa kubahatisha, na wako wasomaji wangu wawili watatu ambao mpaka leo naomba Mungu awe amewasaidia kuliko nilivyowasaidia mimi. Najua mtu anavyoweza kuwa hodari wa kutafuta shughuli nyingine ili asitazame ile iliyo mbele yake. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na ingawa wewe hufi kwa vidole, msuko wa mama yako ndio utakaokufa, na ukifa hakuna kamera ya kuufufua.

Na hata ungechagua vizuri siku ya kwanza, bado ungepiga vibaya. Picha zote ulizopiga na kuzifuta zilikuwa za vichwa vilivyokwisha kusukwa. Kichwa kilichokwisha kinamfundisha nani? Ukiangalia nguo iliyoshonwa huoni sindano ilianzia wapi. Wa kesho anahitaji kuona mikono yako, mstari unavyogawanywa, unavyopita juu, unavyopita chini, na zaidi ya yote hicho kidole kidogo kinavyoingiza ncha kule kisogoni. Mikono yako yote miwili itakuwa kwenye nywele. Miezi mitano umeuliza uchukue kamera ipi, hukuuliza hata mara moja nani ataishika.

Ataishika wifi yako, nani mwingine? Umemwita kiherehere kwa sababu anafungua makopo kabla hujaomba. Mama wee! Mtu anamfungulia mwenzake makopo ya mafuta kila siku bila kuulizwa, na wewe hujajiuliza kwa nini? Anawadaka wateja wenye nywele nyingi mlangoni kwa sababu ameona nywele nyingi zinavyokuumiza. Anajua. Pengine amejua kabla ya daktari. Hajamwambia kaka yake, hajakuumbua mbele ya mteja, amekusitiri kimya kimya, nawe ukamlipa kwa kumnyang'anya kitana hadharani. Tena ulimnyang'anya akiwa anafanya nini? Mistari ya utosini! Mtu anajifunza kazi yako kwa kuiba kwa macho kwa sababu mwenye kazi hafundishi. Ungemkuta anaiba sabuni ningekuelewa.

Basi fanya hivi, na usinilinganishie na ushauri wa mtu mwingine.

Leo hii, kabla hujavuka barabara kwenda popote, nenda kwa wifi yako. Usimtume kaka yake, atafika na karatasi ya mistari. Nenda na kitana, mpe mkononi, umwambie, "Vidole vyangu vinakwisha, na nilikuwa naogopa kusema." Usiongeze maelezo. Akikutukana kidogo mwache, ana haki ya kukutukana kidogo.

Ukitoka hapo kaa na mume wako umwambie hivyo hivyo. Huyu bwana umemwacha miezi mitano akipigania kifaa kwa nguvu zake zote, na hajui kwamba mkono wa mke wake unauma. Ameiba kura, sawa, lakini aliiba akidhani anakusaidia. Akishasikia atataka kufanya kitu, wanaume wa aina yake wakikosa cha kufanya wanakuwa mzigo, kwa hiyo mpe kazi. Ni fundi umeme. Mwambie akuwekee taa nzuri juu ya kigoda, yenye shingo ya kupinda, imulike kisogo bila kumchoma mteja macho. Aiweke wiki hii. Na huo mguu mfupi wa kigoda auone pia akiwa na nyundo mkononi.

Ile nyeusi irudishe, na mwenye duka umwombe radhi mpaka ainuke nyuma ya kaunta. Kwenye ile ya kijivu, kitufe cha kufutia kibandike plasta. Sikutanii. Iliyokata sikio ibaki, yenye weupe ibaki, zote zibaki, atakayejifunza ndiye atakayejua ipi inamfaa.

Mwalimu mkuu mwambie kweli. Nywele zake hazikuwa ngumu, na mwanamke wa watu amekaa miezi mitatu akizipaka mafuta bure. Mweleze kwamba msuko wake wa kuagwa utapigwa picha tangu mstari wa kwanza, umwombe ruhusa, na umwambie aje mapema na mto wa kukalia. Mtu aliyefundisha maisha yake yote hatakunyima hilo. Na kwa daktari rudi, umwulize ni nini kinaweza kuokolewa kwenye mkono huo, maana utauhitaji kwa mengine mengi kuliko nywele. Ukirudi na majibu yake uyasome mbele ya mume wako, sio chooni.

Kuhusu hiyo Jumamosi yenyewe. Barua yako nimeipitisha mbele ya barua ishirini zilizotangulia ili jibu likufikie kabla ya siku hiyo, na wenye barua hizo wakilalamika nitawaelekeza kwako. Anza asubuhi vidole vikishalegea. Wifi akae ubavuni kwako wa kulia, karibu mpaka pumzi yake uisikie, na apige kila hatua. Usisuke kimya kimya kama ulivyozoea. Sema kwa sauti kila unachokifanya, hata kinachoonekana cha kijinga, mpaka kile ambacho mama yako hakukisema, alikufundisha tu kwa kukugonga vidole.

Na mtakapofika kisogoni, kidole kikikataa kuingiza ile ncha, usimwambie ageuze kamera pembeni. Apige hivyo hivyo. Kisha inuka, umpishe kiti, aingize yeye. Ataikosa mara ya kwanza, usimguse na hicho kitana. Atarudia. Nawe simama nyuma yake, usogee karibu kwa miguu yako, maana hiyo ya kijivu haivuti, na umpige picha.